Hongzao, zile "tende za Kichina": namna ya kuzinunua, kuzitoa kokwa na kuzipika

Kwanza kabisa jamani, zile siyo tende. Najua dukani zimeandikwa tende za Kichina, wengine wanaziita tende nyekundu, na mimi mwenyewe nimeziita hivo karibu mwaka mzima, lakini tende inatoka kwenye mtende, hii inatoka kwenye mti wa miba ambao ndugu yake tunaye hapa hapa kwetu, mkunazi. Ule wa Kichina kitaalamu ni Ziziphus jujuba, kunazi zetu za Pwani ni Ziziphus mauritiana, yaani watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Wachina tunda likishakauka wanaliita hongzao, yaani zao nyekundu (zao kwa Kichina ndo jina la tunda, siyo zao la biashara), na kwenye maduka yao ya dawa wanaliita dazao, zao kubwa. Kitu ni kile kile.

Aliyenifumbua macho ni bibi yangu mzaa mama, ambae kakulia Pangani kabla babu hajamleta huku Moshi. Niliweka sahani mezani akachukua moja akaibonyeza, akainusa, akaniambia "we mume wangu, hizi si kunazi hizi zimekaushwa tu? Sisi tulikuwa tunazipopoa kwa mawe, afu tunachomwa miba mpaka tunajuta." Nikamwambia bibi hizo zimetoka China huko. Akasema haya, na China nako kumbe kuna mkunazi, afu akala nne. Nikaenda kucheki, kumbe bibi yuko sahihi kabisa na mimi ndo nilikuwa naongea ongea tu.

Sasa hizi kitu zilinifikaje. Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara iliyokuwa inajengwa na Wachina upande wa Arusha, na mpishi wao kambini alikuwa akimuona anakohoa anampa kikombe cha kitu cha moto, kahawia hivi, kitamu, kina tangawizi. Shemeji akakipenda, siku anaondoka akapewa mfuko mzima, nao ukaishia kwangu kwa sababu nyumbani kwake hamna aliyejua zinapikwaje. Na mimi sikujua. Nikachukua kama kumi nikazitupa nzima nzima kwenye sufuria, dakika tano nikaepua, nikanywa maji ya moto yenye harufu ya mbali ya kitu flani. Nikasema dawa gani hii, watu wanajisumbua tu. Kosa langu lilikuwa moja, sikuzipasua. Ganda la hongzao ni gumu na liko kama limepakwa nta, ukiichemsha nzima utamu wote unabaki humo ndani, kwa hiyo kama una haraka na hutaki kusoma mpaka mwisho, chukua hilo tu: pasua.

Kabla ya kupika ni vizuri ujue Wachina wenyewe wanaitumiaje maana huku kwetu kitu kikishaitwa dawa ya Kichina basi kinatibu kila kitu, kuanzia mgongo mpaka kukosa wateja dukani. Kwenye tiba yao ya asili hongzao mara nyingi siyo dawa kuu, ni msaidizi. Inawekwa ili kulainisha zile dawa kali zisipige tumbo, na kuongeza utamu, na wanasema inatia nguvu "pi", kitu ambacho watu wanatafsiri kama wengu ila wao wanamaanisha zaidi mambo ya usagaji wa chakula na nguvu ya mwili. Pia wanasema inalisha damu na inatuliza moyo. Kuna tabibu wao wa zamani sana, Zhang Zhongjing, aliishi enzi za utawala wa Han kama miaka 1,800 iliyopita, na ile mchanganyiko wake maarufu wa mafua na baridi unaitwa guizhi tang una vitu vitano tu: vijiti vya mdalasini, mzizi wa ua la peoni, tangawizi mbichi, mzizi mtamu wa gancao, na hongzao 12. Mwingine una ngano, gancao na hongzao 10, huo ulikuwa kwa ajili ya mtu anayelia lia bila sababu na kupiga miayo kila saa. Mi huo wa pili naupenda kwa sababu ukiuangalia vizuri ni chakula kabisa, ni kama uji. Ndo maana nazichukulia hizi hongzao kama tangawizi au mdalasini, kitu cha jikoni ambacho kinakufanya ujisikie vizuri, siyo kidonge.

Haya, kununua. Arusha ni rahisi zaidi, kuna maduka ya vyakula vya Kichina na supamaketi kubwa kubwa unazikuta kwenye shelfu ya matunda makavu, Moshi inabidi uulize ulize au umuagize mtu anayepanda. Utakutana na aina mbili hasa. Kuna kubwa, pana, nyama yake imelegea kidogo, hizo wanaziita junzao na zinazosifiwa sana zinatoka Hetian, huko Xinjiang magharibi kabisa mwa China kwenye majangwa. Afu kuna ndogo nyembamba, huizao, nyama imeshikana na sukari yake ni kali. Kubwa ni nzuri kwa kutafuna na kujaza vitu ndani, ndogo mi naona ndo nzuri kwa chai na uji. Ila usigombane na muuzaji kwa ajili ya jina, shika mkononi uangalie.

Ukiibonyeza inatakiwa ibonyee afu irudi taratibu, kama godoro zuri. Ikibaki imebonyea inanata, imeingia maji. Ikiwa kavu inakatika kama biskuti imekaa sana au ni zile za kukaangwa za kutafuna, hizo hazifai kupikia. Mikunjo ya ganda iwe michache na mipana, ikiwa imekunjana kama uso wa mzee wa miaka mia basi ilichumwa haijaiva. Rangi iwe wekundu uliofifia fifia, zinazong'aa sana kama kiatu cha askari mi naziogopa. Afu geuza uangalie pale palipokuwa kikonyo, hapo ndo siri ilipo, ukiona katundu kadogo na unga unga wa kahawia, rudisha. Mimi nilishauziwa pakiti, duka silitaji, nje imeandikwa tarehe nzuri kabisa, nimefika nyumbani nimepasua ya kwanza funza ananiangalia, ya pili hivo hivo, ya tatu hamna funza ila kameacha mizigo yake. Tangu siku hiyo kama pakiti haionyeshi ndani sinunui, na kama zinapimwa za wazi namuomba muuzaji nipasue moja hapo hapo, akikataa naelewa. Ukiipasua kwa mkono ile nzuri inavuta tunyuzi twembamba twembamba vya sukari, kama asali ikikatika.

Kuosha watu wanadharau lakini mikunjo ile inashika vumbi kweli. Weka kwenye beseni maji ya uvuguvugu, tupia kijiko kimoja cha unga wa ngano, zisugue sugue kwa mikono kama unafua soksi za mtoto, unga unavuta uchafu, utaona maji yamekuwa ya rangi ya kijivu. Suuza mara mbili tatu mpaka maji yawe meupe. Usiziloweke masaa, dakika kumi na tano zinatosha, ukizidisha utamu unabaki kwenye beseni.

Sasa kokwa, hapa nataka tukae kidogo. Kokwa ya hongzao siyo kama ya embe wala ya zambarau, ni nyembamba ndefu na imechongoka pande zote mbili, kama sindano nene. Huko China madaktari wanakutana na watu waliomeza hiyo kokwa bahati mbaya, hasa wazee wenye meno ya bandia, ikaenda kuchoma utumbo mpaka ikabidi wapasuliwe. Sikutishi, ila kama kuna mtoto au bibi kwenye nyumba toa kokwa zote kabla hujapika, usiseme watatema wenyewe. Mi bibi yangu ana meno saba na anayaamini kama ana thelathini na mbili.

Kuna njia mbili. Ya haraka ni kisu, unapasua kwa urefu mpaka kisu kiguse kokwa, unazungusha, unafungua kama kitabu afu unaichomoa kwa ncha, nyama kidogo inabaki kwenye kokwa ila siyo mbaya, itupe na kokwa zake kwenye sufuria ya chai afu uchuje. Ya pili ndo ninayoipenda, unaweka hongzao kwenye chujio la chuma juu ya sufuria yenye maji yanayochemka, unafunika, dakika kumi hivi. Zinavimba, mikunjo inafunguka, ganda linakuwa jekundu la kung'aa na jiko zima linanukia kitu kama katikati ya sukari guru na tufaha la kuokwa. Ziache zipoe kidogo ili usiungue. Afu chukua ule mrija wa chuma wa kunywea juisi, simamisha hongzao juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda, ule upande wa kikonyo uwe juu, kandamiza mrija katikati taratibu huku unazungusha. Kwanza inagoma. Unasikia imegusa kitu kigumu, unasogeza mrija kidogo mpaka ukae sawa na kokwa, unasukuma, afu ghafla "tii", kokwa imedondoka ndani ya chupa na mkononi umebaki na hongzao yenye tundu safi katikati. Watoto wa dada yangu wanagombania hiyo kazi, wanahesabu kokwa chupani kama magoli. Hizo za tundu unaweza kuzijaza karanga za kukaanga ukala hivo hivo, na hapo kuna kitu kimoja nimekipenda, Wachina kwenye harusi wanaweka hongzao na karanga na vingine viwili kwenye kitanda cha maharusi kwa sababu majina yake yakifuatana yanasikika kama dua ya kupata watoto mapema. Mambo ya kungwi hayo, kila mahali yapo.

Chai yenyewe sasa. Kwa vikombe viwili vikubwa chukua hongzao sita zilizotolewa kokwa, kata vipande vidogo, tangawizi kipande kama kidole gumba, kama umepata ile ya Same, ya kule Mamba Miamba, punguza maana ile ni kali haina utani. Usiitwange, ikate nyembamba na maganda yake. Maji nusu lita na kidogo. Weka vyote vikiwa vya baridi, washa moto, ikichemka punguza uwe mdogo kabisa, funika, iache dakika 25 mpaka nusu saa. Dakika za mwanzo itakuwa ya manjano ya tangawizi tu, usikate tamaa, ikifika kama dakika ya kumi na tano inaanza kugeuka kahawia na vile vipande vinalainika. Hapo viponde ponde kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Chuja. Sukari usiweke, onja kwanza nakuomba, watu wetu wanatia sukari kabla hawajaonja, kikombe hiki kina utamu wake tayari. Wachina wengine wanaongeza sukari guru, wanawake wao wanakunywa hivo wakiwa kwenye siku zao na tumbo linauma kwa baridi, dada yangu amejaribu akasema inamsaidia, ila na yeye siku hizo hata maji ya moto matupu yanamsaidia kwa hiyo sijui nimpe nani maksi.

Mi naipika zaidi kuanzia Juni mpaka Agosti, ile baridi ambayo mtu wa Dar akija anadhani tunamtania. Nikiwa Arusha asubuhi ya Julai ukungu umeshuka mpaka huoni Mlima Meru na vidole havikunjiki, kikombe kimoja cha hiki kitu saa moja asubuhi na chapati moja, naenda kazini nikiwa binadamu. Mafua hayaponi ila yanakuwa na adabu.

Kama huna muda kuna ya chupa ya chai. Hongzao tatu zilizokatwa nyembamba, na kama kijiko kikubwa kimoja cha zile tunda ndogo nyekundu za gouqi, ambazo supamaketi wanaandika goji, suuza, mimina maji yaliyochemka kweli kweli, funga kifuniko nusu saa. Huko China chupa ya chai yenye goji ndani ni alama ya kwamba umezeeka, mwaka 2017 picha ya mpiga ngoma wa bendi ya roki ya zamani ameshika chupa yake ilizunguka mitandaoni watu wakalia kwamba hata yule mkali na nywele zake amefika huko. Mi nina miaka thelathini na nne na chupa ninayo, semeni mnavotaka.

Supu ndo mwisho wa matatizo. Kuku wa kienyeji mmoja, jogoo mgumu ndo mzuri, siyo broila, broila ataisha kabla hongzao haijaanza kutoa utamu. Mchemshe kwanza dakika tano, mwaga maji yale yenye povu, weka maji mapya, tangawizi, hongzao nane, hapa unaweza kuziacha nzima ila zitoboe na toa kokwa. Moto mdogo saa moja na nusu au mpaka jogoo akubali. Goji zinaingia dakika kumi za mwisho, ukiziweka mwanzo zinakuwa uji. Chumvi mwisho kabisa. Hamna kitunguu hamna nyanya hamna pilipili hoho, najua mkono unawasha kuongeza, jizuie. Mara ya kwanza niliwapa washkaji wakaangaliana, supu tamu tamu hivi kweli? Bakuli la pili walijiwekea wenyewe. Ila nilijaribu pia kuziweka kwenye mtori, nikijua ndizi na utamu zinaelewana. Msijaribu. Shangazi yangu wa Marangu alionja kijiko kimoja akaniuliza kwa upole kama nina tatizo lolote nyumbani.

Uji wa mchele hauna maelezo mengi, mchele wa Mabogini kikombe kimoja, maji vikombe kumi, hongzao tano sita zilizokatwa, moto mdogo, koroga koroga mpaka uwe mzito. Mgonjwa asiyetaka kula anaunywa huu.

Kiasi: kitabu rasmi cha dawa cha serikali ya China kinataja gramu 6 mpaka 15 za dazao, ambazo ni kama tunda tatu mpaka tano za saizi ya kati kwa siku. Ukila pakiti nzima unaangalia mpira tumbo litakujaa gesi usiku kucha, ganda lake halisagiki haraka, na Wachina wenyewe wanakataza kumpa mtu ambaye tumbo limevimba au ana makohozi mazito mengi. Mwenye kisukari awe makini sana, kitu kilichokauka hivi gramu 100 zake zina kama kalori 280 na karibu zote ni sukari, usidanganywe na neno asili, hata miwa ni asili. Mtu anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, aachane kabisa na goji mpaka aongee na daktari wake kwa sababu vinagongana, inaweza kumsababishia kutokwa damu. Mjamzito na anayemeza dawa za kila siku aulize kwanza kliniki. Na hili la kulisha damu, jamani, kama umepimwa damu ni ndogo meza vidonge ulivoandikiwa na kula maini na mboga za majani, rangi nyekundu ya hongzao haigeuki kuwa damu kama ambavyo juisi ya rozela haigeuki. Homa ikifika siku ya pili nenda kapime malaria, usinywe chai ya tangawizi ukisubiri miujiza.

Watu wananiuliza kama wanaweza kutumia kunazi zetu badala yake. Kwa chai ya kujifurahisha, ndio. Nilipata kunazi zilizoiva kutoka kwa mjomba aliyeshuka Tanga, nikazianika juu ya bati kwenye mkeka, usiku naingiza ndani kwa sababu ya umande, siku ya sita zikawa zimekunjana rangi ya kahawia. Chai yake ni chachu zaidi, nyama ni kidogo na kokwa ni la duara gumu la kuvunjia meno, halitoki kwa mrija ng'o, inabidi uchemshe nzima zilizotobolewa afu uchuje. Tamu kwa namna yake. Ila usimuuzie mtu ukimwambia ni dazao, kwa Mchina siyo, na bibi yangu pia alisema siyo, alisema hizi ndo zenyewe zile za kwako ni za maonyesho.

Kutunza, Arusha unaweza kuziacha kabatini kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana zikakaa miezi, Moshi kwa joto letu la Januari na Februari weka kwenye friji maana wadudu wanaziona kabla yako. Na kokwa zile chupani msihangaike kuzipanda. Mimi nilipanda ishirini kwenye makopo ya maziwa pale uani, nikamwagilia miezi mitatu, nikasoma baadae kwamba hongzao nyingi za kisasa ukipasua kokwa ndani hamna mbegu ya maana, na miti yenyewe wanaizalisha kwa kuunganisha vijiti vya mti mzuri kwenye shina la mti wa zao wa porini. Kilichoota kwenye makopo yangu ni mchicha.